Nyanya Sebuleni kwa Afande

Ruti, Mbarara
11 Februari 2007

Baba mpendwa,

Amani ya Bwana iingie mlangoni kwenu kabla ya barua hii. Mguu wa Mama umepoa? Na kifua chako, je? Na wale ng'ombe wako wawili? Mimi ni mzima kabisa, ninakula, ninalala, na tangu nifike mjini sijakosa ibada hata Jumapili moja, kwa hiyo Mama asianze kuuliza.

Baba, nimepata mahali pa kukaa, tena bure! Hapa Ruti kuna nyumba ya askari mmoja wa kambi ya Makenke, anaitwa Afande Karekezi. Alianza kujenga nyumba kubwa, sebule na vyumba vinne, matofali ya kuchoma mpaka juu. Jeshi likampeleka nje ya nchi kabla hajaweka mabati. Jiko la nyuma peke yake ndilo lenye paa. Mimi ninalala humo jikoni, na kazi yangu ni kulinda matofali yasiibiwe. Siku ya kuondoka alinionyesha kuta moja moja, akasema, "Wewe chunga nyumba. Mimi narudi, nakuta nyumba iko." Basi, akapanda gari.

Sasa sikiliza vizuri. Vyumba havina sakafu, ni udongo mtupu, na majani yalikuwa yamenifika kiunoni. Nilipomaliza kufyeka nilitupa punje chache za maharage katika chumba cha kulala cha Afande, kwa mchezo tu. Yameota yakayashinda ya jirani aliyelima nje! Mbuzi hawaingii, upepo haupigi, maji hayakimbii. Nikakaa nikayaangalia, nikajiuliza: je, nikifunika huku juu na kupanda nyanya? Unajua mvua ya Aprili inavyoziozesha nyanya za nje, hadi Mbarara nzima inakula za kuletwa na malori kutoka mbali. Kuta nimeshajengewa. Kilichobaki ni kifuniko.

Ndiyo maana ninaomba ile shitingi kubwa nyeupe ya plastiki tuliyopewa kambini Nakivale tulipoingia wakimbizi, iliyokuwa juu ya jiko letu la zamani. Mpe Ndayambaje. Lori lake la mahindi linapita hapa kila wiki mbili, na amekubali kubeba barua zetu.

Nilipoondoka nilisema sitarudi kupanga mstari wa mgao wa chakula. Nilikuona ulivyoniangalia. Baba, naona njia, na moyo unanidunda kama wa mtoto.

Binti yako,
Mariette


Nakivale
26 Februari 2007

Mwanangu Mariette,

Tupo, tunamshukuru Mungu. Mguu wa mama yako unauma akiamka, ukisikia habari za umbea unapona. Kifua changu ni kile kile. Ng'ombe ni wazima kunishinda.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana mama yako alinishika mkono. Mtu anakupa nyumba uilinde, wewe unailima! Kwetu milimani Itombwe tulilala jirani na ng'ombe, na hilo lina maana, kwa sababu ng'ombe ana akili. Lakini nyanya ndani ya chumba cha kulala cha mwanajeshi? Huyo mtu ana bunduki, Mariette. Alisema anataka kukuta nyumba. Hakusema anataka kukuta saladi.

Mimi msimamo wangu haujabadilika. Mahali pako ni hapa, pamoja na sisi. Afande atarudi, na akirudi atakufukuza. Siku hiyo usione aibu, panda lori la Ndayambaje uje nyumbani.

Shitingi ninakutumia kwa sababu mama yako alishaikunja kabla sijamaliza kukataa. Ameweka na mbegu ndani ya kitambaa.

Baba yako,
Gasore


Ruti
20 Mei 2007

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mwili mzima, roho ndiyo ilipigwa kidogo, lakini imeshasimama tena. Nimekaa kimya miezi karibu mitatu kwa sababu nilikuwa na aibu.

Shitingi tuliipandisha vizuri, nikasia, miche ikatoka, ikapanda. Ikapanda, Baba, ikapanda! Nikawa ninaita watu waje waone. Nyanya ndefu kuliko mimi, nyembamba kama uzi, rangi ya maziwa, na hakuna ua hata moja. Upepo wa mlango tu ukazilaza chini zote. Nililia pale pale chumbani.

Halafu nikaona kitu. Kwenye kona moja shitingi ilikuwa imechanika, na chini ya ule mpasuko palisimama miche mitatu mifupi, minene, ya kijani hasa, na yenye maua. Nilicheka peke yangu. Sisi watu wa kambini, Baba! Tangu tukimbie, tukisikia neno "funika" mikono yetu inaenda kwenye shitingi. Ilitukinga na mvua tukalala, nami nikaifanyia nyanya vile vile, nikazilaza. Kumbe mimea haikuhitaji usingizi, ilihitaji jua.

Kuna mama jirani, Constance, Mkongomani mwenzetu wa Fizi, tunasali naye. Zamani alifanya kazi katika shamba la maua karibu na Kampala. Nilipomweleza alipiga makofi. "Weye! Kule kwa maua banaweka nailoni yenye kuonesha jua! Mi niko nayo!" Alikuwa na robota zima la nailoni chakavu iliyotupwa, anaanikia mihogo. Tumeshona matobo wiki nzima. Kwaya ya akina mama ilikuja yote kuipandisha, wengine juu ya kuta, wengine chini wanavuta kamba na kuimba. Sasa ukisimama sebuleni unaona mawingu yanapita, lakini mvua haikugusi! Maji yanashuka pembeni yanaingia kwenye mapipa, na hayo ndiyo ninayomwagilia.

Ninaanza upya. Unaweza kunitumia samadi?

Binti yako,
Mariette


Nakivale
3 Juni 2007

Mariette,

Wote wazima. Ninakutumia magunia manne. Ni samadi ya mwaka jana, imekauka na imepoa. Ukimpa mche samadi ya jana utauunguza, na hapo utasema ni makosa ya ng'ombe wangu.

Mama yako anakwenda akisimulia kambi nzima habari za nyumba yako. Mimi ninasema sikujui.

Baba yako,
Gasore


Ruti
27 Agosti 2007

Baba yangu,

Hamjambo huko? Mama anaendeleaje? Ninawaombea kila asubuhi, na leo na mimi ninahitaji maombi yenu, upesi.

Nyanya ni nzuri mno. Shina kama kidole gumba, majani mazito. Kila mche nimeufunga kamba, na kamba nimezifunga juu kwenye fito zinazobeba nailoni. Maua yamejaa vyumba vyote. Lakini yanaanguka! Asubuhi ninafagia maua chini kama makapi. Katika vyumba vinne hakuna tunda hata la dawa. Sebuleni peke yake ndiko zinakoshika, na huko zinashika kwa fujo, vishada kwa vishada.

Samadi ni ile ile, maji ni yale yale, mbegu za Mama ni zile zile. Tofauti moja tu: sebuleni ndimo kwaya inamofanyia mazoezi Jumatano na Jumamosi, katikati ya mistari, kwa sababu ndicho chumba pekee kinachowatosha wote. Kwa hiyo akina mama wameshakata shauri. Constance alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mungu alibariki hii fasi ya maombi. Mule mu vyumba ya kulala kuko zambi mingi!" Wengine wanataka tufunge siku tatu. Mimi sikatai kufunga, lakini sioni dhambi ya chumba ambacho hakijalalwa na mtu.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mke wa Afande Karekezi alipita. Amesema mumewe amepewa likizo, anafika Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Akikuta matunda, nitakuwa na la kumwambia. Akikuta majani na sakafu iliyochimbwa, Baba, itakuwa ulivyosema.

Binti yako,
Mariette


Nakivale
6 Septemba 2007

Mwanangu,

Salamu leo nitaziweka mwisho, maana mama yako amenisimamia kichwani.

Mimi sijui nyanya. Ninajua ng'ombe. Mtu akija kwangu akasema, majike yangu yananenepa, yana afya, hayazai, simuulizi habari ya majani wala ya dhambi. Ninamuuliza: fahali wako yuko wapi? Kwa hiyo na wewe ninakuuliza. Fahali wa nyanya zako ni nani?

Nililala na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu nilimfuata mama yako kwenye mahindi yake. Upepo ulipopita nikaona vumbi la manjano linatoka vileleni linaangukia ndevu za mahindi. Nimepita katika mahindi maisha yangu yote nikitafuta ng'ombe aliyepotea, sijawahi kuliona! Nikamwita, "Mukandayisenga, hiki ni nini?" Akanicheka, akasema hata watoto wanajua. Bila vumbi hilo hakuna punje.

Basi, kwako kuna ukuta pande zote na nailoni juu. Umefukuza mbuzi, umefukuza mvua, na umemfukuza upepo ambaye ndiye fahali. Sebuleni akina mama wanapiga ngoma na kuruka, ndiyo? Fito zinatikisika, kamba zinatikisika, maua yanatikisika, vumbi linaanguka linapotakiwa. Mungu amebariki, sipingi. Amebariki kwa miguu ya Constance.

Mama yako anapiga kelele hapa: "Umwambie abitikise! Kila siku abitikise!" Ndiyo hivyo. Jua likishapanda na umande umekauka, pita chumba kwa chumba ugonge kila kamba. Au wahamishe wanakwaya, sauti ya kwanza chumba hiki, ya pili chumba kile.

Sisi wazima. Umesikia? Usichelewe, Novemba si mbali.

Baba yako,
Gasore (ambaye sasa, kwa aibu yake, anaongea habari za maua)


Ruti
28 Oktoba 2007

Baba! Mama!

Nisameheni, salamu ni moja tu: ZIMESHIKA! Vyumba vyote vinne! Tangu ile barua tumekuwa tukigonga kamba kila siku saa nne asubuhi, na kwaya inazunguka nyumba nzima kama ulivyosema, alto wako chumbani kwa Afande. Kamba zimelemewa hadi nimeongeza fito. Mvua inanyesha kila siku, nyanya za nje zimeoza zote Ruti nzima, na zangu nyekundu zimening'inia chini ya nailoni. Watu wanakuja na ndoo mpaka mlangoni! Constance amefunika uwanja wake wa nyuma. Mwalimu mmoja amefunika gereji ambayo haina gari.

Afande anafika Jumamosi hii. Nimefagia, nimepanga, nimefua kitenge changu cha ibada. Ninaogopa na ninafurahi kwa pamoja. Tuombeeni Jumamosi asubuhi.

Mariette wenu


Nakivale
19 Novemba 2007

Mwanangu Mariette,

Bwana akulinde popote ulipo. Sisi wazima wa mwili.

Ile Jumamosi tuliomba, wiki ya kwanza tukangoja, wiki ya pili tukangoja. Jana Ndayambaje amerudi bila barua. Nilimshika shati. Anasema alipita Ruti, akaona kwa macho yake: nailoni haipo, nyumba ya Afande ina mabati mapya yanawaka jua, na mafundi wako juu. Aliita jina lako mlangoni, hakuna aliyemjibu.

Mariette, mimi ndiye niliyesema atakufukuza. Nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa ninasema kwa mzaha lakini moyoni nilitaka, ili urudi. Leo limetokea, na halina utamu wowote. Nimekaa nje tangu asubuhi nikiangalia barabara, na ninaona uchungu kama vile nimepanda mimi.

Kama uko kwa Constance, rudi. Kama wamekufunga, mwambie Ndayambaje nije nijibu mimi, nitasema wazo lilikuwa langu. Chumba chako kiko tayari, mama yako amekipaka udongo mpya na mimi nimekaza kitanda. Hakuna atakayekucheka hapa. Nitamshughulikia mimi atakayecheka.

Baba yako,
Gasore


Ruti
27 Novemba 2007

Baba mpendwa sana,

Pole. Pole kabisa, mara kumi. Ninawasalimu nikiwa mzima, huru, na mikono yangu imejaa udongo, na huo udongo ndio ulionizuia kuandika. Sikujua Ndayambaje amepita. Nilikuwa mbali, utaona mbali wapi.

Afande alifika saa tatu na mkewe, katika gari la mizigo lililojaa mabati. Aliingia mlangoni akasimama. Mimi nilikuwa kando, nimeshika mikono. Aliangalia juu, akaangalia chini, kisha akaniuliza polepole, "Nani naweka shamba ndani ya nyumba yangu?"

Nikasema, "Ni mimi, Afande."

"Sakafu yangu iko wapi?"

"Iko chini ya nyanya, Afande."

Mkewe alicheka, yeye hakucheka. Alipita chumba kwa chumba. Alipofika chumba chake cha kulala alikaa chini katikati ya mistari na mavazi yake ya jeshi, akakaa muda mrefu. Alipotoka akasema, "Nyumba ni nyumba. Mama watoto amengoja miaka sita. Mimi naweka mabati." Nikajibu kwamba ana haki, na kweli anayo, Baba. Lakini machozi yalinitoka, sikuyazuia. Akaniangalia akaongeza, "Vuna kwanza. Wiki moja."

Tukavuna, kwaya yote. Siku ya tano nikafungua nailoni mwenyewe, nikaikunja, nikafunga nguo zangu. Nilikuwa ninakuja kwenu. Nakuapia, mfuko ulikuwa mlangoni.

Ndipo akarudi na gari lile lile, nyuma wamekaa wanawake wanane, wake wa askari waliobaki huko nje. Aliniambia hivi, ninaandika kama alivyosema: "Sisi huko, jioni kila mtu naongea nyumba yake. Nyumba yangu hivi, nyumba yangu vile. Mimi narudi naona nyumba zao hapa Ruti. Hakuna nyumba! Ni kuta na majani. Yangu peke yake iko na kitu ndani." Akageuka kwa wale wanawake. "Huyu anajua kazi. Mpeni ufunguo." Mmoja akajibu kwamba hakuna milango, ufunguo wa nini? Hapo Afande alicheka, mwishowe.

Nyumba tisa, Baba! Kila mmoja ya kwake, na mmoja ana mbili. Mavuno tunagawana nusu kwa nusu na mwenye kuta, mpaka siku atakayopata mabati. Siku hiyo tunakunja nailoni bila ugomvi tunahamia nyumba nyingine, na Mbarara haitaishiwa nyumba zisizo na paa hata tukifika mia. Akina mama wa kwaya kumi na wawili tumeshaingia kazini. Tunachimba vyumba kuanzia alfajiri, na ninalala katika stoo ya nyumba ya pili, ina bati na kufuli.

Kwa hiyo sirudi. Ninalisema kwa upole, kwa sababu nimesoma habari ya kitanda na nimelia tena. Sirudi, Baba, si kwa kuwa siwapendi.

Nimempa Ndayambaje kipande cha nailoni kilichobaki, ni cha Mama, afunikie miche yake.

Binti yako,
Mariette


Nakivale
16 Desemba 2007

Mwanangu Mariette,

Mungu apewe sifa, mara hii ninaandika salamu nikiwa nimenyooka mgongo. Mama yako aliposikia ukurasa wa nyumba tisa aliruka na ule mguu wake mgonjwa. Sasa ndio unauma kweli.

Nimekaa na barua yako wiki mbili kabla ya kujibu. Miaka kumi na moja niko hapa Nakivale, na unajua sijapanda hata kichaka. Ningepanda vipi? Mimi ni mtu wa kurudi kwetu, hii nyumba si yangu, ardhi si yangu. Nilikaa kama aliyeketi stendi na mizigo magotini. Wewe pia nyumba haikuwa yako. Ulijua siku mwenyewe atakayoichukua, na bado ukachimba. Na amekuja, ameichukua, na umepewa tisa. Nimejaribu kukasirika, nimeshindwa.

Ile nailoni mama yako aliiona ndogo kwa shamba na kubwa kwa miche. Tukapima huku na huku. Kinachoenea ni chumba kimoja tu.

Kwa hiyo Jumatatu nilipanda juu ya chumba chako nikatoa paa lote. Kitanda nimempa jirani, Nyiransengimana. Tumechimba mimi na mama yako, tumeweka samadi, tumefunika, na tangu juzi kuna miche arobaini na miwili imesimama pale ulipokuwa unalala. Kila siku saa nne asubuhi ninaingia kuitikisa, ingawa haina maua bado, ili izoee.

Njoo Krismasi, uje na Constance, mama yako anataka kumwona. Lakini nakwambia mapema usije ukashangaa mlangoni: hapa huna tena pa kulala. Utalala kwa Nyiransengimana, na asubuhi utarudi kwenye kazi yako.

Baba yako,
Gasore